Kuchangisha Fedha za Vijana Kutembelea Usharika Rafiki Ujerumani: Mwongozo Kamili

Vikundi vingi vya vijana makanisani kwetu vina usharika rafiki Ujerumani, vina mwaliko na vina hamu, lakini safari haifiki. Wengine huchangisha mwaka mzima, wakaishia nusu ya nauli, na fedha zikageuzwa kuwa za spika mpya. Wengine fedha zinatimia, kisha viza zinakataliwa tiketi zikiwa zimeshalipwa.

Nimekaa na viongozi wa vijana wa namna hii mara nyingi, na chanzo ni karibu kilekile. Fedha zinaombwa kabla ya hesabu na barua kukaa sawa, halafu fedha za safari na za msaada zinatiwa mfuko mmoja. Mwongozo huu unayatenganisha hayo tangu mwanzo. Mifano yangu ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Wakatoliki, Waanglikana na vikundi visivyo vya dini wabadilishe tu majina ya vikao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaomba hata shilingi

- Barua kutoka usharika rafiki inayosema wanawakaribisha, watu wangapi, kwa tarehe zipi za kukadiria.
- Muhtasari wa baraza la wazee unaoidhinisha safari na uchangishaji.
- Barua ya kuwatambulisha kwa mkuu wa jimbo na ofisi ya dayosisi. Dayosisi nyingi zina mtu anayeshughulikia uhusiano wa nje, na yeye ndiye anayejua nani wa kuandikiwa upande wa pili.
- Akaunti ya benki yenye watia saini watatu, angalau mmoja wao akiwa mzee wa kanisa asiyesafiri.
- Kitabu cha risiti chenye nakala na daftari la mapato na matumizi.
- Orodha ya vijana wote wanaotaka kwenda, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) au cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja.
- Miezi 18. Mkiwa na chini ya miezi 12, ahirisheni hadi mwaka unaofuata. Mbio za mwisho ndizo zinazozaa madeni.

## Hatua ya 1: Kubalianeni na wenyeji mnakwenda kufanya nini

Msianze na "tunakuja kuwatembelea". Ulizeni wenyeji swali moja: katika siku tutakazokuwa kwenu, kuna kazi gani tunayoweza kuwashika mkono?

Swali hili huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kwamba msaada hutoka Ulaya kuja kwetu. Lakini sharika za Ujerumani zina mahitaji yao ya kweli. Viti vya kanisani ni vingi kuliko watu wa kuvikalia, wazee wengi wanaishi peke yao, na vijana waliobarikiwa Kipaimara huondoka wasirudi. Yako pia mashirika yaitwayo Tafel, yanayokusanya chakula kinachosazwa madukani na kukigawa kwa wenye kipato kidogo, na kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Kundi la vijana kumi wanaojua kuimba, kupika kwa watu wengi na kukaa na mzee bila haraka lina mengi ya kutoa huko.

Chagueni kazi mbili, zisizidi tatu. Mfano: wiki ya kwanza kusaidia ugawaji wa chakula, ya pili kuendesha karakana ya nyimbo na vijana wa pale, na jioni mbili katika nyumba ya wazee. Kama mnataka kupeleka na mchango wa fedha, hata mdogo, wenyeji ndio waseme uende wapi.

Hatua hii imekamilika mkiwa na ukurasa mmoja wa ratiba uliokubaliwa na pande zote mbili. Utunzeni vizuri, maana utatumika kwenye harambee, ubalozini na kwenye taarifa ya mwisho.

## Hatua ya 2: Pangeni tarehe kwa kalenda mbili

Kwetu, kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei, na baada yake wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mkiwa na vijana wa umri huo, hakuna safari ya Mei wala Juni. Kwao, likizo ndefu ya majira ya joto hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na katikati ya likizo familia nyingi huwa zimesafiri. Mnaweza kufika mkakuta vijana mliokuja kuwaona hawapo.

Ulizeni pia kuhusu Kirchentag, mkutano mkubwa wa Waprotestanti wa Ujerumani unaofanyika kila baada ya miaka miwili. Wa 2025 ulikuwa Hannover, na wa 2027 umepangiwa Düsseldorf mwezi Mei. Baadhi ya wenyeji hupenda ziara iangukie hapo, wengine hawataki kwa sababu wanakuwa na kazi nyingi mno. Waacheni waamue.

## Hatua ya 3: Tengenezeni bajeti ya shilingi, si ya matumaini

Andikeni kwanza ni nani analipa nini. Utaratibu wa kawaida ni wageni kujilipia nauli, pasipoti, viza na bima, na wenyeji kubeba malazi, chakula na usafiri wa ndani. Usidhani tu, pata jibu kwa maandishi.

Huu hapa mfano wa watu 10, vijana wanane na walezi wawili. Bei zibadilisheni kwa zile mtakazopata sokoni. Euro nimeikadiria kwa shilingi 3,000.

- Pasipoti za watu wanane wasio nazo, 150,000 kila moja: 1,200,000
- Nauli ya ndege, 2,800,000 kwa mtu: 28,000,000
- Viza, euro 90 kwa mtu: 2,700,000
- Bima ya safari, 120,000 kwa mtu: 1,200,000
- Nauli na malazi ya kwenda Dar es Salaam ubalozini, 150,000 kwa mtu: 1,500,000
- Nguo na viatu vya baridi, 100,000 kwa mtu: 1,000,000
- Dharura, asilimia 10 ya hayo yote: 3,560,000

Jumla ni shilingi 39,160,000, yaani 3,916,000 kwa kila msafiri. Hii namba ya mwisho kila kijana aijue kichwani. Mzazi akiuliza "mnahitaji kiasi gani?", jibu la "kama milioni arobaini hivi" linafunga mkono wake. Jibu la 3,916,000 linaufungua.

Onyo: msiondoe fungu la dharura ili bajeti ionekane ndogo. Bei ya tiketi na thamani ya shilingi havitawasubiri.

Kabla ya kufunga bajeti, waombeni wenyeji waulizie misaada ya mabadilishano ya vijana kwao. Serikali ya Ujerumani, kupitia mpango wa weltwärts, imekuwa ikigharamia sehemu kubwa ya ziara za vikundi vya vijana kati ya Ujerumani na nchi za kusini. Mwombaji lazima awe shirika la Ujerumani, kwa hiyo ninyi hamwezi kuomba, lakini mnaweza kuwahimiza. Hata mkipata, mtatakiwa kuonyesha mchango wenu.

## Hatua ya 4: Fungueni mifuko miwili

Mfuko wa kwanza ni wa safari. Wa pili ni wa msaada mnaoupeleka. Daftari mbili, risiti za rangi mbili na, ikiwezekana, akaunti mbili.

Sababu ni ya wazi. Mama anayetoa 10,000 ili wazee wasio na ndugu huko ng'ambo wapikiwe chakula hajatoa nauli ya mtoto wa jirani. Mkizichanganya, siku nauli inapopungua mtaazima kwenye msaada, na fedha hizo hazirudi. Manung'uniko yakishaanza usharikani, uchangishaji umekufa hata kama hakuna aliyeiba.

Kila tangazo liseme ni la mfuko upi. Kila risiti iandikwe "safari" au "msaada".

## Hatua ya 5: Wachagueni wasafiri kwa kanuni iliyobandikwa ukutani

Kanuni ziandikwe kabla majina hayajatajwa: kuhudhuria vikao, kushiriki kazi za kuchangisha, mchango binafsi wa kila mwezi, na utayari wa kufundisha wengine baada ya kurudi. Wanawake na wanaume walingane, au wakaribiane. Mtoto wa mchungaji na mtoto wa mama muuza mchicha wapimwe kwa kipimo kimoja.

Chagueni pia wa akiba wawili na waandalieni pasipoti.

Nashauri wasafiri wawe wa miaka 18 hadi 25. Chini ya hapo inawezekana, ila kila mtoto atahitaji ridhaa ya maandishi ya wazazi wote wawili na usimamizi wa karibu zaidi. Juu ya 25 mnapoteza nafuu moja ya viza nitakayoieleza mbele. Walezi wawe wawili kwa uchache, mwanamke na mwanaume.

## Hatua ya 6: Changisheni kwa mpangilio huu

Hapa ndipo vikundi vingi huanza kinyume. Huanza na harambee kubwa, mgeni rasmi na kadi za kung'aa, kabla wao wenyewe hawajatoa kitu. Mgeni rasmi ni mtu mwenye akili. Swali lake la kwanza ni "ninyi mna kiasi gani hadi sasa?"

Kwanza, mchango wa wenyewe. Kila msafiri na wa akiba aweke kiasi kilichokubaliwa kila mwezi, hata 20,000. Tumieni huduma ya vikundi kama M-Koba, ambako fedha ikiingia au kutoka wanachama hupata ujumbe kwenye simu. Ujumbe ule hupunguza maneno kuliko kikao chochote. Asiye na kipato alipe kwa kazi, na saa zake ziandikwe.

Pili, kazi za mikono. Kuosha magari Jumamosi, kufua mapazia ya kanisa, kuvuna na kupukuchua mahindi ya waumini, kupika kwenye vikao vya harusi. Fedha hizi ni ndogo, lakini waumini wanawaona vijana wakitoka jasho, na watakumbuka siku ya harambee.

Tatu, mnada baada ya ibada. Huu ndio mgodi wenu, uendesheni vizuri. Wiki mbili kabla, pitieni nyumba kwa nyumba mkiomba kitu kimoja tu kutoka kila nyumba: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, sado ya maharage, jogoo. Siku yenyewe bidhaa ziwe nje mlangoni kabla ya baraka ya mwisho, kwa sababu watu wakishafika kwenye magari na bodaboda hawarudi.

Dalali awe mmoja mwenye sauti na utani usioumiza. Pembeni yake awepo kijana wa kuandika, na wa tatu mwenye simu iliyofunguliwa Lipa Namba. Anza na kitu kidogo ili watu wachangamke, kisha toa jogoo. Baba mmoja atamnunua kwa 25,000 na kusema, "Namrudisha." Usimharakishe kumshukuru ukapita. Tangaza jina lake, mwinue jogoo juu, uza tena. Nimeona kuku mmoja akiuzwa mara nne na mwisho akapelekwa kwa bibi mjane wa mtaa huohuo, na kanisa zima likapiga vigelegele. Mwandishi aandike kila mauzo peke yake, akitaja kama fedha imelipwa au ni ahadi.

Nne, ahadi kwa kadi. Kadi iwe na mambo matatu: jina la mtoaji, kiasi, tarehe ya kumaliza. Gawieni kila kijana kadi 15, kila moja yenye namba, na zirudi zote hata zisizojazwa. Kadi iliyopotea ni mlango wa tuhuma.

Tano, tukio kubwa. Chakula cha hisani au jioni ya nyimbo, pamoja na mgeni rasmi. Fanyeni hili mkiwa mmeshafikia nusu ya bajeti. Onyesheni ubao wenye namba tatu: tunahitaji, tumepata, imebaki. Gharama za tukio lenyewe, yaani ukumbi, muziki na chakula, zipate mfadhili wake, zisikatwe kwenye makusanyo. Kama mnaalika umma nje ya kanisa, ulizeni mapema ofisi ya serikali ya mtaa na polisi kuhusu vibali.

Tarehe ni nusu ya kazi. Wafanyakazi hupata mishahara kwenye tarehe 23 hadi 25, kwa hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi ndiyo yenu. Januari iacheni kabisa, wazazi wana mahitaji ya shule. Vijijini subirini mavuno yauzwe. Na msigongane na sikukuu ya mavuno ya usharika, mtaonekana mnashindana na kanisa lenu.

Onyo: ahadi si fedha. Kwenye ubao andikeni kilichoingia tu. Kufuatilia ahadi kuwe kazi ya mtu mmoja mpole, anayepiga simu ya kwanza wiki moja kabla ya tarehe, siyo baada.

Mtajua hatua hii imekwenda vizuri pale muumini asiye na mtoto katika kundi anapowauliza njiani, "Imebaki ngapi?"

## Hatua ya 7: Pasipoti na viza

Pasipoti zianze mara wasafiri wanapochaguliwa. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, na kinachochelewesha wengi ni majina kutofanana kati ya cheti cha kuzaliwa, NIDA na cheti cha shule. Kagueni herufi kwa herufi. "Elizabeth" na "Elizabeti" ni watu wawili mbele ya afisa. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu.

Viza mtakayoomba ni ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Sheria inasema jibu ni ndani ya siku 15, na linaweza kufika siku 45, lakini miadi ya kuwasilisha ndiyo inayogombewa. Fuatilieni tovuti ya Ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam mapema, na wekeni miadi mara dirisha linapofunguka.

Bima lazima ifikie angalau euro 30,000, igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen.

Kwa upande wa wenyeji, ombeni hati ya dhamana iitwayo Verpflichtungserklärung. Mwenyeji huisaini katika ofisi ya wageni ya mji wake, akikubali kubeba gharama zenu mkikwama. Barua ya kawaida ya mwaliko ni nzuri, lakini haina uzito wa hati hiyo.

Sasa ile nafuu. Kanuni za viza za Schengen zinawasamehe ada wawakilishi wa taasisi zisizo za faida wenye miaka 25 au chini yake, wanaokwenda kushiriki semina, mikutano, michezo, au shughuli za utamaduni na elimu zilizoandaliwa na taasisi zisizo za faida. Kwa hiyo barua ya mwaliko na ya dayosisi ziseme hivyo bayana: kijana huyu anawakilisha kanisa, na shughuli ni ya elimu na utamaduni. Ikikubaliwa kwa vijana wanane katika mfano wetu, mmeokoa 2,160,000. Hata hivyo, iacheni ada hiyo kwenye bajeti hadi mkubaliwe.

Viza nyingi za vijana hukataliwa kwa sababu afisa hakushawishika kwamba mwombaji atarudi. Kila mmoja awe na ushahidi wake: barua ya chuo yenye tarehe ya kufungua muhula, barua ya mwajiri yenye siku za likizo, leseni ya biashara, hati ya shamba la familia. Na aseme ukweli kwa maneno yake. Vijana wanaokariri jibu moja huleta mashaka kwa kundi zima.

Fahamuni pia kwamba tangu Julai 2025 Ujerumani imefuta utaratibu wa kuandika pingamizi ubalozini baada ya kukataliwa. Kilichobaki ni kuomba upya au kufungua shauri mahakamani Berlin. Ndiyo maana maombi ya kwanza yasiwe ya kubahatisha.

## Hatua ya 8: Tiketi baada ya viza

Wekeni nafasi, msilipe tiketi isiyorudishika kabla viza haijatoka. Mashirika mengi ya ndege huhesabu kundi kuanzia watu 10, na hukubali amana kwanza, majina na malipo kamili baadaye. Ulizieni hivyo kwa wakala anayetambulika, na malipo yatoke benki kwenda kwenye akaunti ya kampuni. Kamwe yasiende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

## Hatua ya 9: Mkiwa huko

Mchango wa fedha tumeni kwa benki, usharika kwa usharika, kabla ya kuondoka. Msibebe bahasha. Siku ya ibada mkabidhi stakabadhi mbele ya watu, pamoja na zawadi ya kitenge, kahawa au viungo. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, na makombe ya baharini na matumbawe yaacheni kabisa, sheria za kulinda viumbe zinaweza kuwatia matatani.

Jambo moja ni zito kwangu. Kila msafiri asaini kwamba hataomba mwenyeji fedha, simu, ada wala mfadhili binafsi. Kijana akimnong'oneza mama aliyempa kitanda kuhusu ada ya mdogo wake, yule mama kesho hatajua tena kama anapendwa au anahesabiwa. Mahitaji ya usharika yapitie baraza la wazee, kwa barua, wakati mwingine.

Kila jioni kaeni dakika 20 pamoja, walezi wakisikiliza nani ameumizwa na nini, nani ana baridi, nani hajapiga simu nyumbani.

## Hatua ya 10: Taarifa ndani ya wiki nne

Mkirudi, someni hesabu kanisani, mfuko kwa mfuko, na bandikeni nakala kwenye ubao wa matangazo. Mhasibu wa usharika azikague kabla. Watoaji wakubwa wapelekewe nakala nyumbani na vijana wawili, kwa miguu yao.

Fedha zilizobaki kwenye mfuko wa safari zisigawanwe posho. Zihamishiwe, kwa muhtasari wa baraza, kwenye akaunti ya kuwapokea wenyeji watakapokuja kwenu. Watahitaji vyandarua, maji safi ya kunywa na gari la kuwatoa uwanja wa ndege, na bajeti hiyo anzeni kuiandika wiki hiyohiyo.